Vyombo Vitatu, Wimbo Mzima Sufuri

Niseme mapema tusimalizane bando: shida ya vijana wengi hapa Nairobi wanaojifunza vyombo viwili vitatu vya muziki si kwamba vyombo ni vingi. Shida ni kwamba hawana nyimbo. Wana vipande. Wana mwanzo wa ile ngoma iliyovuma TikTok mwezi jana, wana kibwagizo cha nyingine, wana sekunde kumi na tano za solo ambayo kila msee huipiga akiingia duka la vyombo katikati ya jiji ili muuzaji ajue anaongea na nani. Sasa mwambie akupigie wimbo mmoja, mwanzo mpaka mwisho, bila kusimama katikati na kusema "ngoja, ngoja nianze tena." Kimya.

Ng'ambo ya pili kuna kundi lingine. Hawa ni watu wa gredi. Ana cheti cha piano cha gredi ya tano, kiko kwa fremu sebuleni, kando ya picha ya mahafali ya binamu. Lakini siku ya birthday ya shosh, mishumaa imewashwa, watu wote wamegeuka kumwangalia, kibodi iko hapo hapo, na yeye anauliza, "Kuna noti?" Shosh ana miaka themanini na mbili. Hakuna noti.

Mkiwaona hawa wawili mtadhani ni watu tofauti kabisa. Mimi naona ugonjwa ni mmoja. Wa kwanza anapiga nyimbo bila kufanya mazoezi, kwa hivyo kila wimbo unamshinda pale penye kona. Wa pili anafanya mazoezi bila nyimbo, kwa hivyo vidole vina nguvu na havina pa kwenda. Ukiongeza chombo cha pili na cha tatu, ugonjwa unazidishwa kwa tatu.

Watu hupenda kulaumu mitihani. Hapana. Angalieni hesabu ya mtihani wa kawaida wa ABRSM, ile bodi ya Uingereza ambayo wengi hapa Kenya hufanyia gredi. Alama zote ni 150. Vipande ni vitatu, kila kimoja alama 30, jumla 90. Skeli ni 21, kusoma noti papo hapo 21, na mtihani wa masikio 18. Kupita ni 100. Yaani hata wazee wa London wanakuambia asilimia 60 ya maneno ni nyimbo zenyewe, na 40 ni vifaa vya kuzipigia. Mimi sina ugomvi na hiyo hesabu. Ugomvi wangu ni kile kinachotokea Jumatatu baada ya mtihani. Mwanafunzi anafunga kile kitabu, anakitupa chini ya kitanda, anaanza vipande vitatu vipya. Gredi tano, vipande vitatu kila gredi, ni nyimbo kumi na tano. Msee mwenye nyimbo kumi na tano kichwani anaweza kukaa kwa lobi ya hoteli akapiga saa nzima na kulipwa. Yeye alizijua zote kumi na tano, moja baada ya nyingine, na leo hana hata moja. Hiyo ndiyo hasara inayoniuma.

Mwezi huu nilipata DM ya msichana wa Form Three. Sitasema ni wa wapi. Anapiga violin kwenye programu ya muziki mtaani kwao, anapiga kibodi kanisani kila Jumapili, na ana gitaa aliloachiwa na kaka yake alipoenda kufanya kazi Qatar. Mamake amemwambia achague kimoja, na gitaa liuzwe. Alichoniuliza kilikuwa kifupi: "Nikiwa na dakika arobaini na tano tu jioni, nifanye skeli ama nifanye nyimbo? Na nifanye kwa kipi?"

Kwanza, kuhusu mathe. Kama gitaa linauzwa ili karo ilipwe, hayo ni mambo ya nyumba yao na mimi ni nani niingilie. Lakini kama sababu ni ile ya siku zote, ati mshika mbili moja humponyoka, hapo nina neno. Methali hiyo husemwa kana kwamba vyombo vya muziki ni samaki wawili wanaoteleza. Si kweli. Kuna vitu unavyojifunza kwa chombo kimoja ambavyo vinahamia kingine vyenyewe, bure, na mtu ambaye hajui vinavyohama ndiye anayeponyokwa.

Hebu niwape mifano ambayo mnaweza kujaribu leo. Gitaa la besi lenye nyuzi nne limetuniwa E, A, D, G. Hizo ni nyuzi nne nene za gitaa la kawaida, zimeshushwa tu oktava moja. Ukijua noti zilipo kwa gitaa, tayari unajua ramani ya besi. Ukulele nayo ina G, C, E, A. Chukua zile nyuzi nne nyembamba za gitaa, D, G, B, E, uzipandishe hadi freti ya tano, na una ukulele. Kwa hivyo umbo la kodi ya D kwa gitaa, ukiliweka kwa ukulele, linakupa G. (Kodi za gitaa, jamani. Hizi KRA haijazifikia.) Ile filimbi ya plastiki tuliyopuliza shule ya msingi mpaka walimu wakatamani kustaafu mapema, vidole vyake vya B, A na G ni karibu vilevile vya saksofoni. Kidole kimoja cha mkono wa kushoto, viwili, vitatu. Sauti itakayotoka si ileile, kwa sababu saksofoni ya alto iko kwa E bapa na noti inayoandikwa C inasikika E bapa, lakini mkono wako hauanzi sufuri. Violin na mandolini zimetuniwa sawa, G, D, A, E.

Kile kisichohama ni mwili. Mkono wa upinde wa violin haukusaidii chochote kwa kibodi. Midomo ya tarumbeta hakuna chombo kingine cha nyuzi kitakachoijenga, na ikipumzika wiki mbili utaisikia imelegea noti za juu zikianza kukukataa. Ncha za vidole zilizokauka kwa nyuzi za gitaa zinarudi laini ukiacha. Kwa hivyo nikisikia mtu akisema "mimi hufanya saa tatu Jumamosi kwa vyombo vyote," najua masikio yake yanaweza kuwa yanaendelea lakini mwili wake unaanza upya kila Jumamosi. Dakika kumi kila siku kwa tarumbeta zina maana kuliko saa moja ya wikendi.

Sasa dakika zake arobaini na tano. Jibu langu halikuwa sawa kwa kila chombo, na hapa ndipo sikubaliani na wale wanaosema gawanya muda sawasawa uwe mwenye haki. Vyombo si watoto wako, havitakushtaki kwa upendeleo. Chagua kimoja kiwe chombo mama. Hicho ndicho kinapata mazoezi ya kweli: skeli, mkono, kasi, sauti. Vile vingine viwili, kwa muda huu, havipati mazoezi ya ufundi kabisa. Vinapata nyimbo tu. Baada ya miezi mitatu, ama muhula, unaweza kubadilisha mama.

Kwake nilisema mama ni violin, kwa sababu mbili. Ana mwalimu wa violin anayemwona kila wiki, na ufundi bila macho ya mtu mwingine huzaa tabia mbaya ambazo baadaye zinakula mwaka mzima kuzitoa. Halafu violin haina freti. Kidole kikienda pembeni kidogo tu, noti imeharibika. Gitaa litakusamehe, kibodi itakusamehe zaidi, violin haisamehi. Chombo kisichosamehe ndicho kinachostahili dakika zako za akili safi.

Kwa hivyo dakika 25 za violin, dakika 10 za kibodi, dakika 10 za gitaa. Na hizo 25, kumi za kwanza ni skeli, lakini si skeli yoyote. Ni skeli ya wimbo anaojifunza wiki hiyo. Kama kipande kiko kwa D, basi skeli ni ya D na apejio ni za D. Manze sielewi kabisa mtu anayepiga skeli ya B bapa asubuhi kwa sababu kitabu kimefika ukurasa huo, halafu jioni anajifunza wimbo wa A. Ni kama kufanya mazoezi ya kuogelea halafu ukaingia mbio za baiskeli. Skeli ya wimbo ni wimbo wenyewe umetandikwa bila mapambo. Ukiipiga kwanza, ukifika kwa ile kona ngumu unakuta vidole vimeshapita hapo.

Kumi na tano zinazobaki ni za kona ngumu zenyewe. Si wimbo mzima. Watu huanza kutoka mwanzo kila mara, kwa hivyo mwanzo unang'aa kama sufuria ya Krismasi na ukurasa wa pili una kutu. Chukua zile baa nne zinazokushinda, zipige polepole na metronomu ya simu, kisha nenda kona nyingine, kisha rudi. Hilo la kuzunguka lina watu waliolipima. Mwaka 2016 Christine Carter na Jessica Grahn walichapisha utafiti wa wapiga klarineti kumi. Muziki mwingine walifanyia mazoezi dakika 12 mfululizo, mwingine kwa dakika tatu tatu za kuzungusha mpaka zikafika 12. Waliosikiliza rekodi baadaye na kutoa alama walielekea upande wa ule wa kuzungusha. Ni watu kumi tu, sitawaambia ni amri ya mbinguni. Lakini kwa mtu mwenye vyombo vitatu ni habari tamu, kwa sababu kubadilisha-badilisha ndiyo maisha yake tayari.

Na kabla mtu hajaniletea ile hadithi ya saa elfu kumi, wasee, tafadhali. Ile namba ilipata umaarufu kupitia kitabu cha Malcolm Gladwell cha 2008. Utafiti wa nyuma yake ni wa Anders Ericsson na wenzake, 1993, kwa wanafunzi wa violin huko Berlin. Kilichomshughulisha Ericsson hakikuwa kuhesabu saa kama mita ya stima. Alikuwa anaangalia aina ya mazoezi: yenye lengo, yenye kusahihishwa, yanayokuchosha akili. Dakika kumi za aina hiyo zipo hata kwa mtu wa Form Three mwenye vyombo vya kuosha jikoni.

Turudi kwa kibodi. Hapa nina jambo la kusema kuhusu kanisa, na nasema kwa heshima, maana bila kanisa nusu ya wanamuziki wa hii nchi hawangekuwepo. Kanisa ndilo shule kubwa ya muziki ya bure tuliyo nayo. Linakupa kibodi, spika, hadhira, na nyimbo mpya kila wiki. Shida ni hiyo "kila wiki". Ijumaa jioni unatumiwa orodha ya nyimbo tano kwa WhatsApp, Jumamosi mazoezi, Jumapili mnapiga, Jumatatu zimesahaulika. Mpigaji wa kanisa ana nyimbo mia moja alizowahi kuzipiga, na ukimwamsha usiku anazo labda sita.

Halafu kuna kile kitufe. Mnakijua. Kimeandikwa "transpose". Mwimbaji anaanza mahali sauti yake imemwongoza, mpiga kibodi anabonyeza mara tatu, na vidole vinaendelea kupiga C kama kawaida huku spika zikitoa E bapa. Jumapili sina neno, okoa ibada. Lakini miaka mitatu ya hicho kitufe inakutengenezea mpigaji anayejua ufunguo mmoja, na siku atakayoshika besi ama saksofoni ama piano ya mbao isiyo na umeme, atagundua kuwa kile alichodhani ni hazina ya nyimbo ilikuwa kwa mashine. Ushauri wangu kwake ulikuwa mdogo tu: kila wiki, wimbo mmoja kati ya ile mitano, upige bila kitufe, kwa ufunguo wake halisi. Mmoja. Dakika zake kumi za kibodi ni za huo. Kwa mwaka ni nyimbo zaidi ya arobaini alizozihamisha kwa vidole vyake.

Na kama anajua solfa, ambayo kwaya zetu nyingi bado zinaitumia, kazi ni nusu. Uzuri wa solfa ni kwamba do haina makao ya kudumu. Do ni pale ufunguo ulipo. Wimbo ukiujua kwa mdomo, do, re, mi, so, basi hauko kwa kibodi wala kwa gitaa, uko kwako. Wale wanaodharau solfa ati ni ya kwaya za wazee, mimi huwaona wanatupa kile kifaa pekee kinachoingia kwa kila chombo na kisichohitaji betri. Unaweza kuifanyia mazoezi ndani ya matatu, kimoyomoyo, kama konda hajaweka sauti ya kupasua kifua.

Hapo ndipo wazo langu kubwa linapoanzia. Mtu wa vyombo vitatu hahitaji hazina tatu za nyimbo. Anahitaji moja. Wimbo mmoja, vyombo vyote. Ujifunze melodi yake kwa violin, kodi zake kwa gitaa, na kibodi ikupe vyote viwili pamoja. Ukimaliza hapo unaujua wimbo kwa namna ambayo mtu wa chombo kimoja huchukua miaka kuifikia, kwa sababu umekaa kila kiti kwenye hiyo bendi.

Mnataka wimbo wa kuanzia? Wimbo wa taifa. Msicheke. Mmeuimba gwaride asubuhi tangu chekechea, hakuna anayehitaji kutafuta noti, na melodi yake imetoka kwa wimbo wa kubembeleza watoto wa Wapokomo wa Mto Tana. Ukiusikiza vizuri una kahuzuni fulani, kwa sababu uko kwa skeli ya maina, tofauti na nyimbo nyingi za taifa zinazopiga kifua. Utafute kwa masikio kwa chombo chako cha kwanza. Halafu cha pili. Utashangaa cha pili kitachukua robo ya muda. Cha tatu ni kama kurudi nyumbani.

Na hili si jambo geni tuliloletewa na video za nje. Angalia nyatiti. Nyuzi nane, mpigaji amekaa chini karibu na ardhi, mikono inachomoa nyuzi, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu inagonga fremu kushika mapigo, njuga za gara zinalia kifundoni, na mdomo unaimba. Huyo ni mtu mmoja anayefanya kazi ya watu watatu, na kinachomshikilia asisambaratike ni wimbo. Huwezi kuutenga mguu ukaupeleka kwa "zoezi la mguu" halafu ukatarajia urudi ukijua unamfuata nani. Ayub Ogada aliibeba hiyo nyatiti mpaka kwa albamu yake ya 1993 na wimbo wake ukaishia kwa filamu ya The Constant Gardener mwaka 2005. Na kabla yake, wapiga gitaa wa benga walikuwa wameshahamisha ule uchomoaji wa nyuzi za nyatiti kwenda kwa gitaa la umeme. Yaani moja ya mitindo mikubwa ya muziki wa Kenya ilizaliwa kwa sababu watu walichukua walichokijua kwa chombo kimoja wakakipeleka kwa kingine. Mwambie hivyo yule mjomba wa methali.

George Mukabi naye, yule wa gitaa la omutibo. Katika mtindo ule gitaa moja linabeba melodi na besi kwa vidole vya mkono mmoja, na mapigo yanatoka kwa chupa ya Fanta ikigongwa. Chupa ya soda! Leo tunaambiana hatuwezi kuanza mpaka tununue pedali ya nne.

Najua kuna msee ameshaandika kichwani mwake, "Lakini Prince alipiga kila kitu." Kweli. Albamu yake ya kwanza, For You, ilitoka 1978 akiwa na miaka 19, na vyombo karibu vyote alivipiga mwenyewe. Stevie Wonder kwa Superstition ya 1972 alipiga ngoma, klavineti na besi ya sintesaiza. Hao wawili hutajwa sana na watu wanaotafuta ruhusa ya kununua chombo cha tano. Ninachokiona mimi ni kwamba walikuwa na wimbo uliohitaji ngoma, kwa hivyo wakapiga ngoma. Wimbo ulikuja kwanza ukaita chombo. Sisi tunaita chombo kwanza, halafu kinakaa pembeni ya kabati kikingoja wimbo, na vumbi ndilo la kwanza kukijibu.

Sasa gitaa la kaka. Hapa nilimwambia asifanye zoezi hata moja mpaka Disemba. Hakuna skeli, hakuna buibui la vidole, hakuna "kodi za baree wiki hii". Nyimbo tu, na ziwe chache, ambazo anazipenda kiasi cha kuzipiga hata hakuna anayemsikiza. Kaka akirudi likizo, kama atapata, asimwonyeshe kodi. Ampigie kitu.

Kuna mwalimu atakayesoma hii akunje uso. Atasema chombo kisichofanyiwa ufundi kinajenga makosa. Ni kweli, na gitaa lake litakuwa na makosa. Lakini makosa ya chombo cha pili kwa miezi michache yanasahihishika. Mtoto aliyeuza chombo kwa sababu alikuwa anakifanyia skeli bila kusikia muziki wowote, huyo harudi. Nimeona wengi wakiacha. Sijaona hata mmoja aliyeacha akiwa na nyimbo kumi mkononi.

Kutunza nyimbo nako kuna kazi yake, na hapa wengi huanguka hata baada ya kufanya yote mengine vizuri. Wimbo uliokamilika si mali ya kudumu. Unaoza kama mboga. Andika orodha ya nyimbo 12, usizidishe, kwa karatasi, ibandike ukutani. Siku sita kwa wiki, piga mmoja kwa siku, mara moja tu, wa baridi, kabla hujapasha vidole. Ndani ya wiki mbili kila wimbo umeguswa. Ni dakika nne kwa siku, na unaweza kuuchezesha kwa chombo tofauti kila mzunguko. Ukianguka mahali, usirudi nyuma, endelea mpaka mwisho kama uko jukwaani, halafu weka alama ndogo kwa hiyo karatasi. Alama ndiyo kazi ya kesho. Kwa njia hiyo mazoezi yako hayatoki kwa kitabu cha mtu mwingine, yanatoka mahali ulipoanguka wewe.

Na wimbo wa 13 ukitaka kuingia, mmoja utoke. Hapo ndipo utajua unapenda nini. Zile za TikTok huwa za kwanza kufukuzwa, nakuambia.

Namna ya kujua wimbo umekamilika ili uingie ukutani? Mimi natumia kipimo kikali. Umeupiga mwanzo hadi mwisho bila kusimama, siku tofauti na ile uliyojifunza, mbele ya mtu mmoja ambaye si mwalimu wako. Mdogo wako anatosha. Mlinzi wa geti anatosha sana, hao huwa na masikio na hawana haya. Kujirekodi kwa simu si sawa, maana simu hukubali urudie mara thelathini na ukapakia ile ya thelathini na moja. Ndiyo maana mitandao imejaa watu wanaopiga vizuri sana kwa sekunde hamsini na tisa.

Jambo la mwisho alilouliza msichana wangu lilikuwa la majirani, na ni swali la maana kuliko yote kama unaishi ploti yenye kuta za karatasi. Panga jioni kufuatana na kelele. Violin kwanza, mapema, kabla ya taarifa ya habari, na kuna kale kaklipu ka mpira kanakobanwa kwenye daraja la violin kanapunguza sauti sana. Kibodi iwe ya mwisho, na spika za masikioni, hata saa nne usiku hakuna atakayejua. Gitaa lipigwe kabla mtoto wa jirani hajalala. Ama baada, kama wimbo ni wa kubembeleza.